Teknolojia Saidizi Inavyowawezesha Watu Wasioona Kusoma Maandishi Yaliyochapishwa

Barua ya wito wa mahakama, majibu ya vipimo vya hospitali, ankara ya maji, tangazo la nafasi za kazi na karatasi ya matokeo ya mtihani vina jambo moja linalofanana. Vyote humfikia mwananchi vikiwa vimechapishwa kwa wino juu ya karatasi bapa. Mwenye kuona hufungua bahasha, akasoma na kuamua la kufanya. Mtu asiyeona, akipitisha kidole juu ya karatasi hiyo hiyo, haambiwi kitu chochote.

Kwa miaka mingi njia pekee iliyokuwepo ilikuwa kumtafuta msomaji: mtoto anayesoma shule ya msingi, jirani, karani wa ofisi au mpita njia. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kwa mtu asiyeona, siri ya barua yake ilijulikana kwanza kwa aliyemsomea. Mtoto wa darasa la tano alilazimika kumsomea mama yake majibu ya hospitali. Jirani alifahamu kiasi cha deni lililoandikwa kwenye barua ya mkopo. Na msomaji mwenye hila aliweza kuruka mstari mmoja wa mkataba bila mwenye mkataba kujua.

Teknolojia saidizi imebadili hali hiyo kwa kiasi kikubwa. Leo mtu asiyeona mwenye simujanja anaweza kuipiga picha barua akiwa peke yake chumbani na kuisikiliza kwa kutumia visikizio vya masikioni, bila mtu mwingine kujua yaliyomo. Makala hii inaeleza vifaa vinavyotumika, namna vinavyofanya kazi, mipaka yake, na wajibu wa ofisi zinazotoa taarifa kwa umma.

Haki ya kupata taarifa

Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inatambua haki ya kila mtu ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Haki hiyo haina kipengele kinachomwondoa mtu kwa sababu haoni.

Katika ngazi ya kimataifa, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa Desemba 13, 2006 na kuanza kutumika Mei 3, 2008. Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara ya 9 ya mkataba huo inahusu ufikivu, Ibara ya 21 inahusu uhuru wa kutoa maoni na kupata taarifa, na Ibara ya 24 inahusu elimu, ikiwemo kuwezesha kujifunza maandishi ya nukta nundu. Hapa nchini, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 ndiyo inayoweka msingi wa haki hizo na wajibu wa Serikali, taasisi na jamii katika kuzitekeleza.

Mahitaji ni makubwa kuliko upatikanaji wa vifaa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 ilieleza kuwa zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji kifaa saidizi kimoja au zaidi, na kwamba katika baadhi ya nchi zenye kipato kidogo ni asilimia 3 tu ya wanaovihitaji ndio wanaovipata, wakati katika baadhi ya nchi tajiri kiwango hicho hufikia asilimia 90.

Nukta nundu: msingi wa kujua kusoma na kuandika

Kabla ya kompyuta kulikuwa na kidole. Louis Braille alizaliwa Januari 4, 1809 katika kijiji cha Coupvray, Ufaransa. Alipoteza uwezo wa kuona akiwa mtoto mdogo baada ya kujichoma jicho kwa kifaa chenye ncha kali katika karakana ya baba yake, aliyekuwa fundi wa bidhaa za ngozi. Akiwa na umri wa miaka 15 alikuwa amekwisha kubuni mfumo wa kuandika kwa nukta zilizoinuka, na mwaka 1829 aliuchapisha. Hapa nchini mfumo huo unaitwa nukta nundu. Wengine huuita breli. Kila mwaka Januari 4 huadhimishwa kuwa Siku ya Nukta Nundu Duniani, maadhimisho ya kwanza yakiwa yamefanyika mwaka 2019 baada ya kutangazwa na Umoja wa Mataifa.

Msingi wa mfumo huo ni seli moja yenye nafasi sita za nukta, tatu upande wa kushoto na tatu upande wa kulia. Kwa kuinua baadhi ya nukta na kuziacha nyingine, hupatikana alama 63 tofauti. Herufi "a" ni nukta ya kwanza peke yake. Herufi "b" ni nukta ya kwanza na ya pili. Hivyo neno "baba" huandikwa kwa seli nne, na kidole cha msomaji aliyezoea hulipita kwa haraka kama jicho linavyolipita neno hilo kwenye gazeti. Tarakimu hutumia herufi kumi za mwanzo, zikitanguliwa na alama maalumu inayomjulisha msomaji kwamba zinazofuata ni namba.

Nukta nundu huandikwa kwa njia kadhaa. Ya kwanza na nafuu zaidi ni kibao chenye matundu pamoja na kalamu ya ncha ya chuma, vinavyojulikana kama sleti na stailasi. Mwandishi hutoboa karatasi ngumu kutoka kulia kwenda kushoto, kisha huigeuza na kuisoma kutoka kushoto kwenda kulia. Njia ya pili ni mashine ya Perkins Brailler, iliyoanza kuuzwa mwaka 1951 na ambayo hadi leo husikika madarasani kwa mlio wake wa chuma. Ina vitufe sita vya nukta, pamoja na vya kuacha nafasi, kurudi nyuma na kushuka mstari. Njia ya tatu ni printa ya nukta nundu inayounganishwa na kompyuta, ambayo huweza kutoa kitabu kizima kutoka kwenye faili la kawaida baada ya programu kuyageuza maandishi.

Shule zinazopokea wanafunzi wasioona, kama Buigiri wilayani Chamwino, Irente wilayani Lushoto na Uhuru Mchanganyiko jijini Dar es Salaam, zimejengwa juu ya msingi huo. Nchini Kenya, Shule ya Wasioona ya Thika, iliyoanzishwa mwaka 1946, ina historia ndefu ya kazi hiyo hiyo.

Tatizo la nukta nundu ni ukubwa wa vitabu vyake. Ukurasa wa kawaida wa nukta nundu una takribani mistari 25 yenye seli 40, yaani alama zisizozidi 1,000. Ukurasa mmoja wa kitabu cha kiada unaweza kuhitaji kurasa mbili au tatu za nukta nundu, na kitabu kimoja kinakuwa majuzuu kadhaa yasiyoingia kwenye mkoba wa mwanafunzi. Kwa sababu hiyo kumebuniwa vifaa vya kielektroniki vyenye safu ya seli ambazo nukta zake hupanda na kushuka zenyewe kadiri maandishi yanavyobadilika. Vipo vyenye seli 20, 40 na hata 80. Orbit Reader 20, kwa mfano, ni kifaa kidogo cha seli 20 kilichobuniwa kwa lengo la kushusha bei, na kinaweza kubeba idadi kubwa ya vitabu kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu.

Kutoka mlio wa wino hadi sauti ya mtu

Wazo la kuifanya karatasi iliyochapishwa iseme yenyewe lina zaidi ya miaka mia moja. Katika muongo wa pili wa karne ya 20, mwanasayansi Edmund Fournier d'Albe alibuni nchini Uingereza kifaa kilichoitwa Optophone, ambacho kiligeuza umbo la kila herufi kuwa milio ya sauti tofauti. Msomaji alipaswa kukariri mlio wa kila herufi. Mary Jameson, mwanamke asiyeona wa Uingereza, alijulikana kwa umahiri wake wa kukitumia, lakini wengi walishindwa kufikia kasi ya kuridhisha.

Mwaka 1971 kilianza kuuzwa kifaa cha Optacon, kilichobuniwa na Profesa John Linvill wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambaye binti yake alikuwa haoni. Msomaji alipitisha kamera ndogo juu ya mstari kwa mkono mmoja, huku kidole cha mkono mwingine kikiwa juu ya pini ndogo zilizotetema kwa umbo la herufi inayopita chini ya kamera. Kwa mara ya kwanza watu wengi wasioona waliweza kusoma barua zao wenyewe, ingawa kwa mwendo wa polepole.

Hatua kubwa zaidi ilitangazwa Januari 13, 1976, pale Raymond Kurzweil, kwa ushirikiano na Shirikisho la Kitaifa la Wasioona la Marekani, alipoonesha mashine ya kusoma iliyochukua nafasi ya meza nzima. Mashine hiyo iliunganisha mambo matatu: skana ya kupiga picha ya ukurasa, programu ya kutambua herufi za miundo mbalimbali, na mtambo wa kutamka maneno. Mwanamuziki Stevie Wonder alikuwa miongoni mwa wanunuzi wa mwanzo kabisa. Miaka 30 baadaye, mwaka 2006, kazi ile ile ilifanywa na kifaa cha kushikwa mkononi, na muda mfupi baadaye ikahamia kwenye simu.

Namna simu inavyosoma karatasi

Simujanja ya leo hufanya kazi za mashine ile kubwa kwa sekunde chache. Hatua zake ni nne, na kuzifahamu humsaidia mtumiaji kujua chanzo cha makosa yanapotokea.

Hatua ya kwanza ni picha. Kamera huona karatasi kama mkusanyiko wa madoa meusi na meupe. Wakati huo bado hakuna herufi hata moja. Hatua ya pili ni usafishaji. Programu huinyoosha picha iliyopinda, huongeza tofauti kati ya wino na karatasi, na hutenganisha aya, safu na mistari. Hatua ya tatu ni utambuzi wa herufi. Kila umbo hulinganishwa na maumbo ambayo programu imefunzwa, kisha neno zima hupimwa kwa kamusi na mazoea ya lugha husika. Hatua ya nne ni usemaji. Maandishi yaliyopatikana hupelekwa kwenye sauti ya kompyuta, ambayo huyatamka.

Kiswahili kina faida katika hatua ya nne. Lugha hii hutamkwa kama inavyoandikwa, na mkazo wa neno kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo kompyuta hupata kazi nyepesi kuliko katika Kiingereza. Sauti za Kiswahili zinapatikana leo katika programu mbalimbali za usemaji, zikiwemo za bure kama eSpeak NG, na programu ya bure ya kutambua herufi ya Tesseract ina data ya Kiswahili.

Hata hivyo, faida hiyo hupotea iwapo lugha haikuchaguliwa ipasavyo. Simu iliyowekwa sauti ya Kiingereza itasoma barua ya Kiswahili kwa matamshi yasiyoeleweka, na watumiaji wengi wapya hudhani kifaa ni kibovu. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya usemaji wa maandishi, na kupakua sauti ya Kiswahili.

Visoma skrini

Baada ya maandishi kuingia kwenye simu au kompyuta, mtumiaji huyasoma kwa programu iitwayo kisoma skrini. Programu hiyo hutamka kila kilichopo mahali ulipo mshale au kidole: jina la kitufe, kichwa cha habari, aya, au herufi moja moja.

Katika kompyuta za Windows, JAWS imekuwepo tangu muongo wa mwisho wa karne ya 20; mwanzilishi wake, Ted Henter, alipoteza uwezo wa kuona kutokana na ajali ya gari. Mwaka 2006 Michael Curran, raia wa Australia asiyeona, alianza kuandika NVDA, ambayo hutolewa bure na hutumiwa duniani kote. Kwa wanafunzi na watumishi ambao bajeti zao hazimudu leseni za gharama kubwa, NVDA imefungua mlango uliokuwa umefungwa.

Katika simu, kisoma skrini huja ndani ya kifaa chenyewe bila malipo ya ziada. VoiceOver imekuwemo kwenye iPhone tangu mwaka 2009, na simu za Android zina TalkBack. Katika simu nyingi za Android, TalkBack huwashwa kupitia mipangilio ya ufikivu, au kwa kubonyeza vitufe viwili vya sauti kwa pamoja na kuvishikilia kwa sekunde chache. Inapowaka, namna ya kutumia simu hubadilika: kugusa mara moja humwambia mtumiaji kilichopo chini ya kidole, kugusa mara mbili hukifungua, na kutelezesha kidole kulia humpeleka kwenye kitu kinachofuata.

Kwa wenye uoni hafifu

Teknolojia saidizi si ya wasioona kabisa peke yao. Wapo wenye uoni hafifu, wakiwemo watu wengi wenye ualbino, wanaoweza kusoma iwapo maandishi yatakuzwa na mwanga kudhibitiwa. Vifaa vyao ni pamoja na lenzi za mkono, miwani maalumu, na kamera za mezani zinazokuza ukurasa kwenye skrini. Simu nyingi pia zina kikuzaji kinachotumia kamera. Kubadili rangi ili maandishi yawe meupe juu ya weusi hupunguza mng'ao unaochosha macho. Mwanafunzi mwenye uoni hafifu hapaswi kulazimishwa kutumia nukta nundu ikiwa maandishi makubwa yanamtosha, na vivyo hivyo hapaswi kunyimwa nukta nundu ikiwa uoni wake unazidi kupungua. Uamuzi huo huhitaji vipimo vya mtaalamu wa macho pamoja na maoni ya mwalimu wa elimu maalumu.

Hatua za kusoma barua kwa simu

Watumiaji wenye uzoefu hufuata utaratibu unaofanana:

1. Karatasi huwekwa juu ya meza isiyo na vitu vingine, yenye rangi tofauti na karatasi. Karatasi nyeupe juu ya kitambaa cheupe huichanganya kamera.
2. Mwanga huandaliwa. Mtu asiyeona huweza kusahau kuwasha taa kwa kuwa yeye haihitaji, kamera inaihitaji. Mwanga wa mchana kutoka dirishani unafaa zaidi.
3. Simu huwekwa katikati ya karatasi, kisha huinuliwa wima hadi takribani sentimita 30, viwiko vikiwa vimeegemea meza ili mikono isitikisike.
4. Baadhi ya programu husema ni ukingo gani wa karatasi hauonekani. Mtumiaji husogeza simu hadi kingo zote nne zionekane.
5. Baada ya picha kupigwa, mtumiaji husikiliza mistari ya mwanzo. Akisikia maneno yasiyo na maana, huigeuza karatasi upande wa pili au kuizungusha na kurudia.
6. Majina, tarehe, namba za simu na kiasi cha fedha husikilizwa tena herufi kwa herufi.

Hatua ya sita ndiyo inayopuuzwa zaidi na ndiyo yenye madhara makubwa ikiachwa. Programu ya utambuzi inaweza kuchanganya sifuri na herufi "O", tarakimu 1 na herufi "l", au 5 na "S". Katika hadithi, kosa hilo halina madhara. Katika namba ya akaunti ya benki, linaweza kuzipeleka fedha mahali pengine.

Mipaka na tahadhari

Maandishi ya mkono bado ni changamoto. Mfano wa karibu ni bahasha ya dawa yenye maandishi ya haraka kama "2x3", yakimaanisha vidonge viwili mara tatu kwa siku. Kifaa kinaweza kuyasoma visivyo au kuyaruka kabisa. Mtu asiyeona anashauriwa kumwomba mfamasia atamke kipimo cha kila dawa kwa sauti, airekodi maelezo hayo kwenye simu, na kuweka alama ya kugusa kwenye kila kopo, kama vile mpira mmoja kwa dawa ya asubuhi na miwili kwa dawa ya jioni. Kipimo cha dawa hakikisiwi.

Risiti zilizofifia, mihuri iliyopigwa juu ya maandishi, majedwali yenye safu nyingi, karatasi zinazong'aa na maandishi yaliyozunguka chupa navyo huleta makosa. Jedwali la matokeo au ratiba linaweza kusomwa safu zote kwa mkupuo, hivyo namba ikahusishwa na mtu asiye wake.

Programu mpya zinazoeleza picha kwa kutumia akili unde zina uwezo mkubwa, lakini huweza pia kusema kwa uhakika jambo ambalo halipo kwenye karatasi. Kwa mkataba, hati ya mahakama au waraka wa ardhi, usomaji wa kifaa uthibitishwe na mtu wa kuaminika au mwanasheria kabla ya kutia saini.

Suala jingine ni usiri. Baadhi ya programu huchakata picha ndani ya simu yenyewe, na nyingine huipeleka kwenye kompyuta za mbali kupitia intaneti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazipa taarifa za afya na nyingine nyeti ulinzi wa pekee. Mtumiaji anashauriwa kuchagua programu inayofanya kazi bila intaneti anaposoma nyaraka za siri. Huduma zinazomuunganisha na msaidizi anayeona kwa njia ya video, kama Be My Eyes iliyoanzishwa nchini Denmark, zinafaa kwa mambo kama kutambua rangi ya nguo au tarehe ya kwisha muda wa bidhaa, lakini hazifai kwa kadi ya benki wala namba ya siri.

Kusikiliza hakuchukui nafasi ya kusoma

Kwa kuwa simu inasoma, baadhi ya wazazi na hata walimu huuliza kama bado kuna haja ya kumfundisha mtoto nukta nundu. Jibu linapatikana katika maandishi ya mtoto mwenyewe. Anayesikiliza tu hajui kwamba "ng'ombe" lina ritifaa, wala hatambui kwa sikio pekee tofauti ya "mdhamini" na "mthamini". Mdhamini hubeba deni la mwenzake akishindwa kulipa. Mthamini hukadiria bei ya mali. Katika mkataba, tofauti hiyo ya herufi moja inaweza kumgharimu mtu nyumba yake. Kwa nukta nundu, kidole huigusa herufi na hakuna kukisia.

Sauti hufaa kwa wingi na kasi: magazeti, vitabu virefu, nyaraka za kazi. Nukta nundu hufaa kwa hisabati, tahajia, lugha mpya, kuhutubia kwa kufuata maandishi, na kuweka lebo. Wasomaji wengi wazuri hutumia vyote viwili.

Uhaba wa vitabu na Mkataba wa Marrakesh

Kwa muda mrefu sheria za hakimiliki zilikuwa kikwazo. Maktaba ya nchi moja iliyogeuza kitabu kuwa nukta nundu haikuruhusiwa kukituma nchi nyingine bila kibali cha mwenye haki, na kila nchi ililazimika kurudia kazi ile ile. Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa Juni 27, 2013 chini ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani na kuanza kutumika Septemba 30, 2016, unaziruhusu taasisi zilizoidhinishwa kutengeneza nakala zinazofikika na kubadilishana kuvuka mipaka, bila kuomba kibali kwa kila kitabu. Wanufaika ni wasioona, wenye uoni hafifu, wenye ugumu mwingine wa kusoma maandishi, na wale ambao ulemavu wa viungo unawazuia kushika au kufungua kitabu. Kenya, Uganda na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizojiunga na mkataba huo.

Maana yake kwa Kiswahili ni kubwa. Kitabu cha Kiswahili kilichoandaliwa Nairobi kinaweza kusomwa na mwanafunzi wa Tabora, na kilichoandaliwa Dar es Salaam kikamfikia msomaji wa Kampala, mradi taasisi husika zinafuata taratibu za nchi zao.

Wajibu wa ofisi zinazotoa taarifa

Kifaa cha msomaji hakiwezi kufidia waraka ulioandaliwa vibaya. Kosa lililoenea ni hili: tangazo huandikwa kwenye kompyuta, huchapishwa, husainiwa na kupigwa muhuri, kisha hupigwa picha na kupandishwa kwenye tovuti au kundi la WhatsApp. Maandishi yaliyokuwa yakisomeka vizuri yamegeuzwa kuwa picha. Kisoma skrini kikifika hapo hutamka neno "picha" na kunyamaza. Mwombaji wa kazi asiyeona anaweza kupitwa na tarehe ya mwisho kwa sababu hiyo tu.

Ofisi za umma na binafsi zinaweza kuondoa kikwazo hicho bila kununua kifaa chochote, kwa kuzingatia yafuatayo:

- Kuweka maandishi ya tangazo pamoja na nakala yake iliyosainiwa, ili msomaji achague.
- Kutumia mitindo ya vichwa vya habari iliyomo kwenye programu ya kuandikia badala ya kukuza herufi kwa mkono, kwa kuwa kisoma skrini huruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine.
- Kuandika maelezo mafupi kwa kila picha, mchoro au bango.
- Kuepuka majedwali pale ambapo orodha ya kawaida inatosha.
- Kutumia herufi kubwa za kutosha na rangi zinazotofautiana na karatasi, kwa ajili ya wenye uoni hafifu.
- Kumuuliza mteja asiyeona njia anayopendelea kupokea barua: nukta nundu, barua pepe, ujumbe wa simu au kusomewa faraghani.

Mtumishi anapomsomea mteja, asome waraka wote kama ulivyo, bila kufupisha na bila kutoa maoni, mahali ambapo wengine hawasikii. Barua ni ya mteja, hata kama macho yanayoisoma ni ya mtumishi.

Mfano wa kinachowezekana unaonekana kwenye sanduku la kura. Katika chaguzi za hivi karibuni nchini, Tume ya Uchaguzi imekuwa ikiandaa jalada maalumu la mguso lenye maandishi ya nukta nundu. Karatasi ya kawaida ya kura huwekwa ndani yake, na mpiga kura asiyeona hutambua kwa vidole mahali pa kuweka alama. Anayetaka msaidizi huruhusiwa kuja na mtu anayemwamini. Asiyetaka hupiga kura yake mwenyewe.

Kura hiyo na barua ile ya hospitali iliyosikilizwa chumbani vinaongozwa na kanuni moja: mwenye jambo awe wa kwanza kulijua. Vifaa vya kutimiza kanuni hiyo vipo, na baadhi yake tayari vimo kwenye simu za wananchi bila wao kujua. Familia yenye mtu asiyeona inaweza kuanza leo kwa kuwasha kisoma skrini cha simu iliyopo nyumbani na kupakua sauti ya Kiswahili. Kwa mafunzo zaidi, wananchi wanaweza kuwasiliana na maofisa ustawi wa jamii katika halmashauri zao, walimu wa elimu maalumu katika shule zinazopokea wanafunzi wasioona, pamoja na Chama cha Wasioona Tanzania.